Mpira Ulioutupa Darsait

Baba Rashid,

Amani ya Mungu iwe nawe huko ulikotangulia. Mimi mzima, na Rashid mzima, anakula vizuri. Eda yangu bado haijafika nusu. Nakaa ndani nikishona, na kushona kwenyewe kumenichosha.

Nakuandikia kwa sababu ya mpira wako, ule wa ncha mbili, ulioujifunza kwa Wamarekani uliokuwa ukiwaendeshea gari kule Unguja, ukaja kuwapumbaza nao vijana wetu hapa Darsait tulikohamia kila Ijumaa. Tangu tukuzike, ndugu yako Seif na rafiki yako Salim hawasemezani. Hata kwenye hitma yako walikaa mmoja huku, mmoja kule, na watu wakaona.

Wanagombea ule utupaji wako wa mwisho. Salim alikukaba, ukageuka kumkimbia, ukautupa mpira ukaanguka mchangani. Akauokota akaenda nao mpaka kwenye mstari wenu, akasema ni bao. Ukitupwa mbele ukaanguka, hauna mwenyewe, mchezo unarudiwa. Ukitupwa nyuma, ni wa atakayeuwahi. Seif anashikilia kuwa uliutupa mbele ya uso wako, basi ni mbele, na anayebisha anamdhulumu maiti.

Jana mama yako akawaleta wote wawili. Walikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia, wakaniomba niamue, maana wanajua ulivyokuwa ukinisomesha mchezo wako hata nisipotaka. Ningeweza kukupa wewe. Nani angembishia mjane aliye edani? Na Seif alikuwa akilia.

Lakini siku ile ulirudi na mchanga masikioni, ukachukua limau langu la mchuzi, ukalisogeza juu ya mkeka huku ukicheka.

"Mbele si uso wako, Zuwena. Mbele ni kwenye mstari wa wapinzani wako. Salim kanipata, lakini usimwambie."

Nimemwambia. Nimesema uliutupa nyuma, bao ni lake, na kwamba ulikiri mwenyewe. Seif akauliza kama kweli ulicheka. Nikamwambia ulicheka sana. Mama yako anasema walitoka wameshikana mikono.

Walipoondoka nilikulilia. Siku ya maziko sikuweza.

Rashid atakapokua akaniuliza babake alikuwa mtu gani, nakuahidi sitamtungia shujaa. Nitamwambia alikuwa mtu wa kushindwa akacheka.

Mungu akulaze pema, mume wangu.

Zuwena