Vipimo Vitatu vya Kwanza

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima, ila nimechoka hoi.

Safari hii nakuandikia kwa shida ya kazi. Unajua hapa tunatengeneza jedwali la namba: metali fulani ikipigwa na chembe za nyutroni, inameza ngapi. Wanaojenga vinu vya umeme wa nyuklia wanazitumia, na wakaguzi wa mipakani wanaosaka mizigo ya hatari wanazitumia pia. Sasa kuna metali moja iliyopimwa mara mbili tu duniani: ng'ambo, na kwenu, ulipokuwa fundi wa maabara. Namba yako imezidi ya wale wa ng'ambo kwa asilimia nane. Wahandisi wa kinu wanataka niwaambie washike ipi, kabla ya Juni kwisha.

Ripoti yenu inasema mlipima siku kumi na mbili. Mchoro una alama tisa tu, moja kwa kila siku. Tatu ziko wapi? Daftari lako la jalada jekundu limo kwenye droo ya cherehani, nililiona mwenyewe.

Kitindamimba wako


22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanipeleka linakotaka lenyewe. Paa la jikoni linavuja. Fundi amekuja mara mbili kuliangalia tu, utadhani analichumbia. Unakula lakini? Kaka yako anasema umekonda.

Daftari sijaliona. Mambo ya zamani hayo, achana nayo.

Mama yako


9 Mei

Mama,

Shikamoo. Droo ile haijawahi kupoteza hata sindano, leo imepoteza daftari zima?

Sina nguvu ya kuvutana nawe. Wiki saba nimerudia hesabu zenu mpaka usingizi umenisusa. Nisipopata maelezo, nitaandika kuwa kipimo chako hakiaminiki, kifutwe chote. Kazi pekee yenye jina lako itafutwa kwa mkono wangu. Nimekukasirikia, na naona aibu kukukasirikia.

Mwanao


7 Juni

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako karibu mwezi mzima. Daftari hili hapa, nimelifunga pamoja na barua.

Siku tatu za kwanza nilipima kama kawaida. Siku ya nne nilijua nina mimba yako. Ningesema, wangenitoa chumba kile cha mionzi siku hiyo hiyo, na baba yenu alikuwa ameshaondoka zake. Nikanyamaza. Nikachukua matofali ya nta stoo, nikayapanga kati ya kiti changu na chanzo cha nyutroni. Kila jioni nikayarudisha, asiyaone mtu. Ndivyo nilivyopima siku tisa zilizobaki.

Namba zikapanda. Mkuu wetu, yule tuliyemwita Bwana Kifutio, akasema zile tatu nilikuwa bado najifunza mashine, tuziache. Nikaitikia.

Miaka miwili baadaye ndipo nilipoelewa kuwa nta yangu ilikuwa ikizirudisha nyutroni kwenye metali. Bwana Kifutio alikuwa ameshapongezwa, nawe unakimbia uani. Niliogopa, mwanangu, na kila mwaka uliopita ulinifunga mdomo zaidi. Futa. Sitakununia.

Mama yako


28 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole kwa kubeba jambo hilo peke yako miaka yote hiyo.

Nimeziweka zile tatu za kwanza kando ya za ng'ambo. Zinalingana, tofauti yake haifiki hata asilimia moja. Nimefuta tisa. Tatu zimebaki kwenye jedwali, kwa jina lako, na wahandisi wameshajibiwa.

Kwenye safu ya sababu niliandika: "Nta iliongezwa karibu na metali." Mkuu wangu hakuridhika. Akaniuliza nta yote hiyo ilikuwa ya kumkinga nani.

Nikamwambia, mimi.

Akasema niende nyumbani nikapumzike. Nakuja Jumamosi. Nitalala kwanza, halafu nitapanda paani. Mwambie yule fundi uchumba umevunjika.

Kitindamimba wako