Maji Yamekuja Kabiro, Mara Tatu

Sasa Achieng,

Huku Kabiro kwa auntie ni jua na vumbi. Ile programu yangu ya kompyuta, niliyoandika kwa lugha ya Java, ya kuwaambia wapangaji wa hapa maji yakija ilikataa kuwaka: eti imepata njia tatu za kutuma habari, SMS, email na kupiga simu, na haijui nataka ipi. Badala ya kuchagua, nikaiambia iniletee zote kwenye list moja, itume kwa zote tatu.

Leo maji yakaja. Simu yangu ikalia mara tatu, nikabaki nikiitazama kama mzazi siku ya graduation. Auntie akaniita, "Wewe, leta mtungi." Nikamjibu, "Ngoja kwanza uone inavyofanya kazi."

Nilipofika kwa mfereji, ulikuwa unakohoa hewa tu. Nisalimie mum, na uoge kwa niaba yangu.

Odhis