Alimkinga na Nini

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado inanisaka hadi kwenye mifupa. Wewe je? Na Shangazi? Mwambie sweta aliyonifumia ndiyo ninayoenda nayo kazini, hata kama mikono yake inanifika magotini.

Leo nakuandikia kama zamani, nikiwa na neno mkononi. Unaikumbuka meza ya jikoni? Wewe upande huu na madaftari ya wanafunzi wako, mimi upande ule na kamusi, na marehemu mama pembeni anapiga pasi sare yangu huku anatuigiza Kiingereza chetu kwa sauti ya puani. Leo nimeikumbuka meza ile nikiwa mahakamani.

Kuna kesi ninayoikalimani. Kijana anashtakiwa kumvunja mkono baba yake wa kambo. Shahidi wake pekee ni mama yake, mfanya usafi wa maofisi, mtu wa lugha yetu. Wakili alimuuliza alifanya nini siku ya ugomvi. Akajibu, "Nilimkinga mwanangu." Nikatafsiri, "I shielded my son."

Mwendesha mashtaka akadaka hapohapo. Akasema mama amekiri kwa kinywa chake kwamba anamlinda mkosaji, kwa hiyo ushahidi wake hauna uzito. Yule mama akaniangalia. Hakuelewa kilichosemwa, lakini aliusoma uso wangu. Kesi imeahirishwa hadi mwisho wa mwezi.

Nimekosea wapi, baba? Neno hilo ulinifundisha wewe.

Mwanao

14 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Shangazi yako amecheka habari ya mikono ya sweta, kisha akanuna. Anasema wewe ndiye uliyepungua.

Ndiyo, nilikufundisha mimi, na nakumbuka siku yenyewe. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya jikoni na mvua ya mawe ikatushukia. Mama yako alikuinamia akakufunika kwa mwili wake, karai likiwa kando yake wala hakulikumbuka. Yalipokwisha mgongo wake ulikuwa na alama nyekundu kama mtu aliyechapwa. Wewe ukauliza, "Baba, hiyo kwa Kiingereza inaitwaje?" Mama yako akasema, "Mtoto huyu, hata asante hana." Tulicheka watatu, tumelowa chepechepe.

Nikakueleza hivi. "Protect" ni neno la kila siku, linafaa kwa mtoto, kwa shamba, hata kwa ngozi. "Shelter" linataka paa au ukuta. "Shield" linataka kitu kikae katikati, na pigo likiangukie chenyewe. Kwa hiyo hukukosea.

Lakini "shield" lina upande wa pili ambao sikukufundisha, maana ulikuwa mdogo. Husemwa pia kwa anayemficha mkosaji asifikiwe na sheria. Sisi tumetenganisha: kuna kumkinga mtu, na kuna kumkingia kifua. Wenzetu wanatumia neno moja kwa yote mawili. Yule mama alisema la kwanza, bwana yule akasikia la pili. Na sentensi haikwisha. Mtu hukingwa na kitu. Je, kuna aliyemuuliza alimkinga na nini?

Mwambie hakimu. Usiogope kusimama.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo, na shikamoo yangu kwa Shangazi.

Nilisimama. Mkalimani huku hatakiwi kuwa na sauti yake. Nikamwambia hakimu kuwa neno nililolitumia lina maana mbili, na shahidi alisema moja tu. Mwendesha mashtaka akapinga. Hakimu akaniambia, "Muulize, alimkinga na nini?"

Nikamuuliza. Yule mama akasema, "Na maji ya moto." Akakunja mkono wa gauni. Baba, kutoka kiwiko hadi begani ngozi yote imejikunja. Mume alikuwa ameinua birika amwagie kijana, mama akaingia katikati. Kijana akamsukuma yule baba wa kambo asirudie, mzee akaanguka, mkono ukavunjika. Hakimu alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Nilisema. Nilisema nilimkinga."

Kijana ameachiwa. Yule mama alinishika mkono kwenye ngazi za mahakama hadi basi lao lilipofika. Ofisi ya wakalimani haijaniita tena tangu siku hiyo, lakini usingizi naupata.

Sasa nawe nijibu. Mistari ya barua yako ilikuwa inapandiana. Macho yana nini?

Mwanao

20 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa Shangazi yako, mimi nasema yeye anaandika, na ananikatiza kila sentensi. Kwanza nakupa hongera. Mama yako angekuigiza kwa sauti ya puani jikoni kote, halafu angeenda kujisifia kwa majirani.

La macho, sikutaka uache kazi ukimbie huku. Jicho moja limefungwa kabisa, na la pili linaona mwanga wa mlango tu. Daktari anasema halirudi. Barua ile ndiyo ya mwisho niliyoandika kwa mkono wangu. Nakaa mezani jikoni, nasikiliza redio, nayajua yote ya nyumba hii kwa vidole. Usije kwa kunihurumia.

Baba yako

(Mimi Shangazi naongeza bila yeye kujua: njoo.)

1 Mei

Baba,

Shikamoo. Shangazi, msomee polepole.

Nimefunga chumba na kurudisha funguo. Nafika Jumamosi. Usitoke kunipokea, kaa hapohapo mezani. Nikifika njiapanda nitaanza kukuita kwa sauti, na nitaendelea kukuita hadi mlangoni, ujue niko wapi.

Mwanao