Ziwa Halipigiwi Kelele

Quebrada Fría, Boyacá, Kolombia
Jumanne asubuhi

Dada yangu mpenzi Omaira,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limepoa. Huku hatujambo, ila mimi tangu Jumatano iliyopita sina raha hata chembe. Baba anakula vizuri. Hivi ninavyoandika amekaa kizingitini anamenya viazi, na kila ganda anawatupia kuku.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu zipo. Dada, kwenye simu ningekudanganya tena. Nimeshakudanganya mara moja, na wewe ukinikatiza maneno huwa nanywea. Karatasi hainikatizi.

Umesema Jumamosi unakuja na gari kumchukua Baba umpeleke kwenye ile nyumba ya wazee Bogotá, kwa sababu alipotea mlimani. Kabla hujawasha gari, tafadhali isome hii mpaka mwisho. Usirukeruke kama ulivyokuwa ukiruka sala za rozari.

Nianze na haya matembezi yenyewe. Mwezi wa pili Baba alikuwa amekwisha. Mchana kutwa ameukodolea ukuta macho, usiku anafungua milango kutafuta ng'ombe tuliowauza zamani. Mimi alikuwa akiniita Dioselina, kama marehemu shangazi. Nesi Yamile wa zahanati akasema vidonge anavyo, lakini kuna dawa moja haitoki kwenye chupa: nimtoe nje kila asubuhi, tutembee, aone kijani, asikie maji na ndege. Nikamwambia, hebu nesi, mtu aliyelima mlima huu miaka sitini, leo unamwandikia mlima kama dawa? Akacheka. Akasema ndiyo maana, miguu yake inaujua kuliko kichwa chake.

Basi tukaanza. Tukishakunywa maji ya moto ya sukari guru, namvisha ruana yake, lile blanketi la sufu lenye tundu la kichwa, namshika mkono, tunapanda hadi Ziwa la Kulungu. Jirani yetu Saturnino kila akituona anapaza sauti kutoka shambani kwake: haya, maharusi hao wanapita! Baba alikuwa hajibu kitu. Wiki ya tatu akageuka akamwambia, "Nawe tafuta mke basi, kabla hujaota ukungu!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Toka hapo usingizi ukamrudia. Huko juu akawa anayagusa yale majani yenye manyoya, moja moja, kama anasalimia wajukuu. Jina langu tu ndilo halikurudi.

Na mimi nilipona, Dada. Hilo sikukuambia. Miaka mitatu nilikuwa siendi popote isipokuwa jikoni, bafuni kumwogesha Baba, na kanisani. Kifua kilikuwa kinanibana mpaka nadhani nakufa, na nilikuwa nakificha kwa sababu nani ana muda wa kifua changu? Kule juu kilifunguka. Nilianza kuamka na hamu ya kesho.

Sasa Jumatano. Niliwaambia wote, wewe, nesi, Saturnino, hata padri, kwamba Baba alinichomoka mkononi na ukungu ukashuka. Ukungu ulishuka kweli. Ulishuka mweupe mpaka mkono wangu mwenyewe nikawa siuoni. Na unajua tulivyolelewa: ziwa halipigiwi kelele. Ukipaza sauti linakasirika, linaleta ukungu na mvua mpaka upotee na mifupa yako isionekane. Baba mwenyewe alituchapa kwa hilo, siku ile mimi na wewe tulipochezea mwangwi.

Basi utaamini? Mwanamke wa miaka hamsini na moja, baba yake haonekani, na mimi naogopa kuita! Nilikuwa nanong'ona. Baba. Baba. Napapasa mawe, napapasa majani, kila jiwe nadhani ni yeye. Meno yanagongana. Nasikia maji yakipiga ukingo na sijui yako upande gani, mbele yangu au nyuma. Nikamwona kichwani mwangu ameshaingia majini na ruana yake imelowa inamvuta chini. Nilimwomba Mungu, nikamwomba Mama kaburini, na ziwa lenyewe nikaliomba linisamehe, ila usimwambie mtu asije akanicheka.

Mwishowe nikasema liwalo na liwe. Nikapiga ukelele: Baba eeee! Nikapiga tena, na tena, mpaka koo likakauka. Ndipo nikasikia, karibu kabisa, sauti ya hasira: "Rosalba Inés! Nani alikufundisha kupiga kelele hapa? Utatuletea mvua, mtoto usiye na adabu!"

Jina langu, Dada. Yote mawili, kama zamani akishika mkanda. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, mkavu, anakula biskuti. Alinigombeza njia nzima kwa jina langu, na mvua kweli ikatunyeshea hadi mlangoni. Nililia nikiwa nacheka. Kesho yake asubuhi nikawa Dioselina tena.

Sasa lile lililonikalisha hapa na kalamu. Baba hakunichomoka. Nilimkalisha mimi juu ya jiwe lile, nikampa biskuti, nikamwambia nisubiri hapa. Nilitaka kutembea kidogo peke yangu, kwa mwendo wangu, bila mkono wa mtu ndani ya mkono wangu. Hatua kumi zikawa mia, mia zikawa kilima kizima. Na ukungu niliuona unakuja, Omaira. Niliuona ukiwa bado mbali, nikajua muda wa kurudi ninao, na sikurudi. Nilisema bado kidogo. Kifua kilikuwa chepesi, miguu inakwenda yenyewe, na kwa muda ule, Mungu anirehemu, sikuwa na baba.

Yeye hakupotea hata hatua moja. Alikaa palepale nilipomweka, ananisubiri.

Tangu siku hiyo hatujapanda. Kila asubuhi anasimama mlangoni na kofia kichwani, ananinyooshea mkono, nami namwambia leo kuna mvua hata kama jua linawaka. Ameanza tena kuukodolea ukuta macho. Naogopa, Dada. Ukungu siuogopi tena. Naiogopa ile "bado kidogo" yangu, kwa sababu ilikuwa tamu, na sijui siku nyingine itanipeleka wapi.

Kwa hiyo Jumamosi njoo. Ukitaka kumchukua, mchukue kwa kosa langu, usiseme ni kichwa chake. Lakini nakuomba uje na viatu vya kupandia mlima. Kabla hujaamua lolote, mshike wewe mkono umpeleke ziwani, nami nitembee mbele yenu peke yangu, mahali unaponiona. Ukiniona nakwenda mbali, niite. Piga kelele bila woga, hata ziwa likasirike.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Nesi Yamile anakusalimu ingawa naye bado hajui ukweli huu. Viazi vimekwisha. Baba amesimama mlangoni, amenyoosha mkono. Leo nitaushika, lakini tutaishia kwenye ua wa Saturnino, hatutapita hapo mpaka uje.

Ni mimi mdogo wako,
Rosalba Inés