Kuku wa Fungu la Kumi

Baba Elizabeti,

Ukirudi kutoka mkutanoni, ugali nimeufunika kwa sinia, mlenda uko kwenye chungu. Funga mlango wa jiko, mbuzi wa jirani wanaingia. Naenda kijiji cha pili, Ulaya, kumwona dada Bibiana. Nitalala huko. Hapana, hilo nimelikata, nitarudi jioni.

Yule kuku uliyemnunua leo kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, kwa shilingi sita za sare ya mtoto, usimchinje. Ni wetu. Vifaranga wangu kumi walikua, nikampeleka mmoja kanisani, fungu la kumi. Nilikuona kutoka upande wa wanawake ukipandisha bei, nikaona haya kupaza sauti mbele ya mchungaji. Hizo shilingi sita sizilalamikii, zimefika kwa Bwana.

Lakini majembe ya kijiji unayoyatunza unayajua moja moja, hata lenye mpini uliopasuka. Kuku huyu mwenye kidole kilichokatika amedonoa miguuni pako mwaka mzima. Tangu Elizabeti aende bweni, ndiye ninayezungumza naye.

Ulipomfungua kamba, alikwenda moja kwa moja kwenye kiota chake. Ukacheka, ukasema, "Huyu amezoea upesi!"

Mama Elizabeti