Mkono Wako Bado Uko Kwenye Sinia

Mama yangu,

Amani iwe juu yako na juu ya wote mliotutangulia. Salamu hii wanaume hukuletea wenyewe Kikowani, wakasimama karibu na kichwa chako, wakasoma, wakarudi nyumbani nyoyo zimetua. Sisi wanawake hatuendi makaburini, basi mimi nimekaa jikoni juu ya mbuzi yako ya kukunia nazi, karatasi nimeiweka pajani, na hii ndiyo ziara yangu.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea Alhamisi, siku ya hitima yako. Nikwambie mapema, maana wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka: mkono wako bado uko kwenye sinia letu, na nataka uuondoe. Mimi nimeshauzoea. Nimwogopeaye ni Zuhura, mjukuu wako, uliyemwacha akitambaa na sasa anakwenda skuli.

Unalikumbuka sinia lenyewe. Lile jeupe lenye maua mekundu katikati, ukingo wake umebanduka rangi. Mchana baba alikuwa bandarini Kilindini akipakua magunia, kwa hiyo tulikuwa tukila wawili, mimi na wewe, katika chumba cha chini ambamo sauti za wapita njia wa Ndia Kuu zilikuwa zikiingia kama wamo ndani. Kila mtu alikuwa na upande wake wa sinia, wala hakuna kuvuka. Aliyeruhusiwa kuvuka ni wewe peke yako. Kipande kinono kikitokea upande wako, vidole vyako vilikuwa vikikisukuma polepole juu ya wali mpaka kinanigonga mkono, na uso umeuelekeza dirishani kama hujui kinachoendelea.

Na hakuna aliyeinuka bila ruhusa. Ruhusa ilikuwa neno moja, "Kanawe," na wewe hukulitoa mpaka maua yaonekane upande wangu. Wala mwenyewe hukunawa kabla yangu. Ulikuwa ukikaa na mkono wako umeuinua kidogo, wali unakukaukia vidoleni, ukiningoja.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini weye? Ndoo. Tonge moya tu, la baraka."

Baraka, ulikuwa ukisema, iko kwenye tonge la mwisho, na mwenye kuliacha hajui alichokiacha. Ukalifinyanga, ukalichovya mchuzi, ukalitia kinywani mwangu kwa mkono wako. Baada ya tonge la baraka lilikuwa likija la baba, kisha la marehemu bibi, na watu wetu walikuwa wengi.

Nilikuwa mkubwa nilipojua ulikuwa ukimlisha nani. Shangazi ndiye aliyeniambia, tukichambua mchele wa harusi yangu, kwamba kabla yangu ulizaa wawili, wakakonda, wakawa wepesi mkononi kama kanga iliyokauka juani, wakaenda mmoja baada ya mwingine. Wewe hukunitajia hata siku moja. Ulinilisha tu. Kila tonge uliloniwekea lilikuwa la watoto watatu, na mimi nilikuwa na tumbo moja.

Nikanenepa, na ukaona fahari. Tukipita kwenda kwa fundi cherehani, wanawake barazani walikuwa wakisema mashallah, mwana ana mwili huyo, nawe unajibu, "Ukiona vyaelea vimeundwa." Nilikuwa nikicheka nawe. Sikuwa na huzuni hata kidogo wakati huo, nisije nikakusingizia. Nilikuwa msichana anayependwa, na mapenzi yenyewe yalikuwa yakionekana kwa macho.

Kisha sukari ikakushika wewe, na baadaye ikanishika mimi. Siku zako za mwisho hukuweza kumeza hata maji ya madafu. Niliinama nikaweka sikio karibu na mdomo wako, nikidhani utaniusia mtoto, au nyumba, au utanipa radhi. Ukaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Ukanikunjia uso, na hilo ndilo neno letu la mwisho duniani. Tulipokuosha, mimi ndiye niliyepewa mkono wako wa kulia. Niliumiminia maji yenye karafuu maiti, nikavinyoosha vidole, vikajikunja tena, vitatu na kidole gumba, vile vile vinavyojikunja vikishika tonge. Aliyekuwa akituongoza akasema ni kawaida ya maiti. Nikavinyoosha tena.

Tangu hapo unaniuliza. Nikivuta kiti, nikifunua chungu, nikipita penye harufu ya mkate wa mofa, nakusikia: umekula? Na kila mara mtu akisema bado, mama, atakula tu. Nilikula mpaka magoti yakakataa kunipandisha ngazi za nyumba hii. Nikawa nalala nimekaa, maana nikilala chali pumzi zilikuwa zikikatika, na Salim, mume wangu, alikuwa akikesha akinisikiliza.

Mjomba, ndugu yako wa London, ndiye aliyekata shauri. Alipiga simu akasema, "Nimemzika dada yangu kwa ugonjwa huu. Mwanawe sitamzika." Akanipeleka kwa daktari wa huko anayewapunguza watu matumbo. Wanalibana tumbo kwa vyuma vidogo, mama, wanakuachia kifuko juu chenye ukubwa wa yai la kuku, na hicho ndicho kinachopokea chakula. Daktari alinionyesha kwa ngumi yake, kisha kwa kidole gumba. Nikamwambia mkalimani wangu, ambaye ni mjomba mwenyewe, amweleze kwamba mimi natoka kwa watu wa wali. Mjomba akakataa kulitafsiri hilo.

Sasa nile vipi? Nilianza na maji ya supu yaliyochujwa, kijiko kwa kijiko, kama mtoto mchanga. Kisha uji mwepesi. Kisha viazi vilivyopondwa, samaki asiye na mwiba, yai. Natafuna mpaka chakula hakina jina, ndipo nameza. Sinywi maji nikila. Wali ndio adui mkubwa, kwa sababu hukwama. Ukikwama, kifua chabana kama nimemeza jiwe, mate mazito yanajaa kinywani, na hakuna cha kufanya ila kukimbilia chooni. Nywele zilinyonyoka. Ngozi ya mikono inaning'inia, na mimi, mtoto wa Mombasa, nasikia baridi saa za jua kali.

Niliporudi, mji ulinipokea unavyoujua. Kupungua siku hizi kuna maana moja tu, ule ugonjwa usiotajwa. Nikipita, walionisifu mwili waliacha kuongea, kisha wakaanza tena kwa sauti ya chini. Shoga yangu mmoja alinitembelea, nikampa kahawa, akaishika mpaka ikapoa, akaondoka hakuinywa. Nilitamani kumfunulia mshono wangu. Nikaona potelea mbali, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini niliumia, na usiku ule nililia kwa jina lako.

Hayo ya watu si kitu. Kinachonitisha ni wewe. Nilidhani daktari akikata njaa atakuwa amekata na sauti, kumbe sauti haikuwa tumboni. Mara ya kwanza niliporudi kwenye sinia, Salim upande wake, Zuhura upande wake, nilikula vijiko vyangu vya viazi nikatosheka. Ndipo nikaona wali upande wangu umesogea. Sisemi uliguswa na jini. Labda Zuhura alilisukuma sinia. Lakini ulinigonga mkono, hapa, pale pale ulipokuwa ukinigonga, na nikasikia tonge moya tu, la baraka. Nikala. Nilitapika mpaka nikaona damu kidogo.

Nikarudia, mama. Nilirudia wiki nyingi. Daktari bibi wa hapa mjini, aliyepewa maelezo yangu, alinikemea: "Mshono ukifumuka, sitakuwa na la kukusaidia. Nani anakulazimisha?" Nikasema hakuna. Ningemwambia nani?

Nikalikimbia sinia. Nikawa nakula hapa jikoni, nimesimama, katika kisahani cha kikombe cha kahawa. Hapo ulikuwa hunifikii, kwa kuwa kisahani hakina upande wa mtu mwingine. Nikapata nafuu, nikaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Ila Salim hakupenda. Mtu mpole yule, lakini siku moja aliniambia, "Usile, sawa. Ila njoo ukae nasi. Mtoto anadhani umetukasirikia." Nikarudi, nikawa nakaa. Mkono wangu ukawa hauna kazi, na mkono usio na kazi kwenye sinia, mama, hujitafutia.

Hapo ndipo Alhamisi ilipotukuta. Watu walisoma, wakakuombea, pilau ikaandaliwa kama ulivyopenda, yenye viazi vikubwa. Niliketi sinia moja na Zuhura na Salim. Mtoto alikula akamaliza. Akasema kwa adabu, "Mama, nimeshiba."

Nikasikia mtu anasema, "Umeshiba nini weye? Ndoo. Tonge moya tu, la baraka."

Nilitazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Na mimi, mama, simwambii Zuhura ndoo wala moya. Namwambia njoo na moja, kama walimu wake. Nilipoteremsha macho niliona mkono wangu umeshavuka sinia, umeshafinyanga, umeshachovya, na uko mbele ya kinywa chake. Vidole vitatu na kidole gumba. Mtoto akafumbua mdomo. Hakubisha. Alifumbua kama anayemeza dawa ya malaria, machozi yamemlenga, akatafuna akinitazama, kisha akafumbua tena. Alijua kwamba litakuja jingine. Aliyajua yote, mpaka zamu ya marehemu bibi yake.

Salim aliweka mkono wake juu ya wangu. "Amezoea," akasema polepole. "Tangu urudi kukaa nasi, ndivyo unavyomlisha. Wewe huli, basi yeye anakula mara mbili."

Sikuwa nimeona. Naapa sikuwa nimeona. Jioni nilitoa sare yake ya skuli nikaitazama kiunoni. Fundi alikuwa ameifumua na kuilegeza, na si mara moja. Ndipo nikafahamu kwamba hukuwa umeniacha. Ulikuwa umehama tu. Ulipoona tumbo langu limefungwa, uliingia mkononi, ukaendelea na kazi yako kwa tumbo lililo wazi.

Sikulaumu. Nakuogopa, nakupenda, na nakutamani, yote kwa pamoja, na siku zingine siwezi kuyatenganisha. Najua uliwaona wawili wakipukutika, ukaapa wa tatu hatakonda. Lakini Zuhura si wa tatu wako. Huyu hakufiwa na ndugu. Huyu alikuwa ameshiba tu.

Jana mchana tulikula wali na mchuzi wa samaki. Zuhura alikula vizuri, akatua. Upande wake ulikuwa na wali uliobaki, wa matonge mawili hivi. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimeshiba," kisha akabaki pale pale na mdomo wake tayari. Mkono wangu ukainuka. Niliuona ukiinuka. Nikaushika kwa mkono wa kushoto, nikaubana juu ya paja, na ulikuwa mzito, mama, mzito kama ulivyokuwa siku ile nilipokuosha. Nikakaa hivyo mpaka ulipotulia.

Nikamwambia, "Kanawe."

Hakuinuka. Alimtazama baba yake, akautazama wali, akanitazama mimi. "Na baraka?"

"Umeshakula. Kanawe, mwanangu."

Alikimbia. Nilisikia birika likigonga beseni, maji yakimwagika, kisha akaanza kuimba wimbo wa skuli. Wali ule niliwapelekea paka wa uchochoroni, nao hawakuuliza ni tonge la nani. Niliporudi ndani nilizitazama kuta. Sikuwa nimewahi kuliona sinia letu likiondoka na wali upande wa mtoto, na nyumba ikabaki imesimama.

Leo asubuhi sikukusikia. Nimefunua chungu, nimekuna nazi, kimya. Badala ya kufurahi nimekaa hapa nalia, kwa sababu nimegundua bado unangoja. Tulikuosha, tukakusitiri, tukakusomea, lakini hakuna aliyekupa ruhusa. Umekaa upande wako miaka yote hii, mkono umeuinua, wali umekukaukia vidoleni, unaningoja nimalize.

Nimekula, mama. Nimeshiba. Na mjukuu wako ameshiba. Sinia nimelitoa mwenyewe na kulisugua, maua yake yote yanaonekana.

Kanawe, mama.

Mimi,
mwanao aliyebaki.