Nimeipa n Kumi na Nne

Rania, wallahi leo nimejiaibisha kwenye hisabati.

Mwalimu Tsuma kaandika ubaoni ile alama ya jumla, sigma. Chini kaweka moja, juu kaweka n, yaani ujumlishe namba kuanzia moja mpaka n. Akaniita niitafute hiyo jumla.

Nikajumlisha moja mpaka kumi na nne, nikaandika 105.

"Salme, kumi na nne umeitoa wapi?"

Nikamwambia, "N ni herufi ya kumi na nne."

Nimesema hivyo mbele ya darasa zima, Rania. Herufi ya kumi na nne.

Kumbe n yaweza kuwa namba yoyote. "Ni pale utakapoamua kusimama," mwalimu akanieleza taratibu.

Nikaitikia, na kweli nimeelewa. Lakini nikabaki nimesimama pale ubaoni mpaka akasema, "Haya, kaketi mwanangu."